Gundi Iliyotiwa Chumvi

Simu iliita nikiwa napalilia maharage nyuma ya nyumba. Namba sikuijua. Niliipokea kwa mkono wenye udongo, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Shikamoo, Dada Gundi." Nilisimama. Hapa kwetu juu, upande wa Gonja, watu wananiita Mwalimu, wajukuu wananiita Bibi, na mume wangu akiwa na njaa huniita anavyojua mwenyewe. Hakuna anayeniita Gundi. Waliolijua jina hilo walikuwa watoto wa chekechea moja kule tambarare, kando ya barabara kuu kati ya Same na Hedaru, mwaka ambao vuli haikunyesha. "Marahaba," nikasema. "Nani mwenzangu?" Akajibu, "Mimi Nanzia. Mama ametutoka asubuhi hii."

Nikashuka kwenda kuzika. Familia iliniomba niseme machache wakati wa salamu, kwa kuwa niliwahi kuishi nao, nami nikasema yale yanayosemwa: kwamba Mama Nanzia aliimba sauti ya pili kwenye kwaya na hakuchelewa mazoezi hata siku moja, kwamba alilea watoto wawili peke yake, kwamba alikuwa na ulimi mkali na hakupenda kushindwa. Watu wakacheka, maana hilo la mwisho wengi walikuwa wamelionja. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai tunakula wali, na Nanzia, ambaye sasa ni muuguzi mwenye miwani na watoto wakubwa, akaja kukaa karibu yangu na sahani yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukusema ile ya gundi?" Nikamwambia, "Ningeisemaje mbele ya watu wote hawa, mwanangu?" Akageuza wali wake kwa kijiko, kisha akasema, "Basi iandike. Mama hayupo tena wa kuona haya, na mimi siku hizi nimeshiba." Alicheka kidogo, halafu akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ule nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kujiona ameimaliza dunia. Usharika ulinituma tambarare nikasaidie chekechea, nikapewa chumba kwa Mzee Elinaja, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Kilikuwa chumba cha tofali za udongo chenye kitanda cha kamba, na ukuta wake haukufika kwenye bati, hivyo lolote lililosemwa sebuleni nililipata pamoja na harufu ya koroboi. Dirisha langu lilitazama milima. Kila asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu yake, meusi, mazito, na kila jioni yalikuwa bado hukohuko. Kule juu watu walikuwa wakikata ndizi na kuchimba tangawizi. Huku chini mahindi yalikauka yakiwa bado chini ya goti, na upepo ulileta vumbi lililoingia hadi kwenye kopo la chumvi. Niliona aibu kuitazama ile milima nikijua nina kwetu huko.

Mzee Elinaja alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache, na shingoni alivaa ufunguo wa stoo ya chekechea uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Mkewe, Mama Elia, ndiye aliyepika uji wa watoto. Alikuwa mwanamke mnene kwa asili, lakini mwaka ule magauni yalianza kumpwaya, na alipenda kusema kwamba mumewe anaoga na ufunguo ule na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukumbatiwa bila chuma. Stoo ilikuwa na magunia ya dona yaliyoletwa na kanisa kwa ajili ya uji wa asubuhi, siku za masomo tu. Nilichelewa kuelewa kwamba kwa baadhi ya watoto ule uji ndio uliokuwa chakula cha siku nzima. Nilichelewa kwa sababu hakuna aliyesema. Ukipita kwa mtu jioni unakuta moshi, ukiuliza habari unaambiwa "tumeshakula, karibu," na huyo anayekukaribisha hajatoka hata kwenye kigoda, anajua utakataa, nawe unajua anajua. Wenzetu Wachaga hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Nimeishi miaka mingi sijapata jibu la kuwapa, ila ningewaongezea kwamba Mpare huyohuyo atalala njaa kwa wiki nzima kuliko kumwambia jirani yake neno moja.

Chekechea ilipofungwa mwanzoni mwa Desemba nilimuuliza Mzee watoto watakunywa nini likizo. Alikuwa anafunga mlango wa stoo. "Watakunywa kwao," akasema. "Unga huu una utaratibu wake. Nikimpa mmoja nje ya utaratibu, Jumapili nitashtakiwa na kanisa zima, na watakuwa na haki." Akairudisha kamba shingoni. Sikubishana naye, msichana wa umri wangu hakubishana na mzee wa kanisa, na isitoshe nilikuwa na jambo langu. Nilitaka mapambo. Kanisa letu kule juu lilipambwa kila Krismasi kwa karatasi za rangi zilizonunuliwa Moshi, na lile la tambarare lilikuwa na kuta tupu na mjusi. Nikaomba ruhusa ya kukusanya watoto kila asubuhi ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, tutengeneze mapambo kwa karatasi zilizotupwa, nikaomba na kikombe kimoja cha unga kwa siku cha kupikia gundi. Mzee alifikiri sana juu ya hicho kikombe. Mwishowe akasema, "Mapambo ni kazi ya kanisa," akafungua stoo. Wala nisijipe sifa: wakati ule sikuwa na wazo la kumlisha mtu.

Karatasi zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa mnara wa kanisa, ambayo ukiikung'uta vizuri na kubandua ile karatasi ya juu unakuta ya ndani ni safi, ngumu, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kulikuwa na magazeti waliyotupa abiria wa mabasi, kalenda ya dukani ya mwaka uliopita, madaftari yaliyojaa, na maboksi ya biskuti. Tulikaa kwenye kibanda cha chekechea, juu ya mikeka. Mkasi ulikuwa mmoja, wa Mama Elia wa kushonea, na haukutoka mkononi mwangu. Watoto walikunja karatasi, wakaulowanisha mkunjo kwa ulimi, wakachana taratibu, na nakuambia mstari wao ulinyooka kuliko wangu. Rangi tulipata kwa mkaa, udongo mwekundu, na bluu ya kufulia. Vipande virefu tuliviunga duara ndani ya duara tukapata mnyororo, na ile mifuko ya saruji tukaikunja nyota. Barabarani mabasi yalipita yamejaa Wapare wanaorudi nyumbani kula Krismasi, mizigo imefungwa juu, na watoto walikuwa wanayapungia bila kuacha kazi.

Siku za mwanzo nilidhani gundi yangu ni mbovu. Minyororo niliyoiacha imeungwa asubuhi niliikuta mchana imeachana, na kopo la gundi limekauka kabisa, limesafishwa hadi kwenye kona. Nikapunguza maji, nikaipika nzito zaidi. Ikaisha mapema zaidi. Nanzia wakati ule alikuwa mtoto wa macho makubwa na miguu myembamba, mwenye gauni la njano, na alikuwa mwepesi wa mikono kuliko wote. Nilimwona analamba kijiti cha gundi, nikamwambia aache uchafu. Akaacha. Baada ya muda nikageuka ghafla kuchukua karatasi, nikamwona amechota gundi kwa vidole viwili, ameiweka katikati ya kipande cha karatasi ya saruji, anakikunja kwa uangalifu kama sambusa, anakitia kifuani ndani ya gauni. Nikamwuliza, "Nanzia, hiyo ya nini?" Akanitazama bila kupepesa. "Ni gundi, dada. Ya kubandika nyumbani." Nyumbani alikuwa na mdogo wake, Elibariki, ambaye hakuwa amefikia umri wa chekechea. Nikatazama watoto wengine mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinamisha vichwa kwenye karatasi, na wote, midomo ilikuwa na weupe pembeni. Nikakaa mkekani.

Jioni nilimweleza Mama Elia jikoni. Alikuwa anakoroga makande, mahindi mengi na maharage ya kuhesabika kwa macho. Alikoroga mpaka nikadhani hakunisikia. Asubuhi iliyofuata alisema leo gundi ataipika yeye, kwa sababu mimi sijui moto, akaipika kwenye sufuria badala ya kopo, nyepesi kidogo, akachukua chumvi kwa vidole akaitia. Nikamwambia, "Mama, gundi haitiwi chumvi." Akasema, "Ya kwangu inatiwa." Tukaanza hivyo. Kila asubuhi kazi ilianza kwa kupima gundi, na kila mtoto aliipima kwa kikombe chake. Hatukuiita uji. Nakumbuka mtoto mmoja aliteleza akasema "dada, naomba uj—" na Nanzia akampiga kiwiko mbavuni. Mama Elia alimwambia mumewe kanisa ni refu, kikombe kimoja hakitoshi gundi, na Mzee alimtazama kwa muda, akavua kamba shingoni, akapima zaidi. Hakuuliza. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango.

Tatizo lilibaki moja tu, kwamba mapambo yalihitaji kushikana na gundi yote ilikuwa tumboni. Watoto wenyewe ndio waliolimaliza. Nyuma ya kibanda ilikuwepo migunga, ile yenye miiba mirefu myeupe, nao walikuwa wamezoea kuitumia kufungia milango ya nyumba zao za kuchezea. Wakachuma miiba, wakatoboa karatasi mara mbili, wakapitisha, wakavunja ncha. Ukisimama mbali huoni kitu. Kuta za kanisa zikajaa minyororo, madirisha yakajaa nyota, na mjusi akahamia kwenye mimbari.

Mama Nanzia alikuja kwa Mzee jioni moja wenyeji wangu wakiwa mezani. Mumewe alikuwa ameondoka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakuwa ameleta habari tangu hapo, lakini yeye alitembea kama mtu ambaye mume wake yuko ndani amelala. Mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani. Nilimsikia akibisha, nikasikia Mama Elia akisema, "Karibu makande, Mama Nanzia." Akajibu, "Asante, nimetoka kula sasa hivi." Halafu, juu ya ule ukuta mfupi, nilimsikia anameza mate. Kisha akaanza. "Mzee, shauri langu ni moja. Mtoto wangu jana amerudi na unga umekauka kwenye gauni. Unga, Mzee. Nimemwuliza, ananiambia ni gundi ya mapambo. Mwaka huu Mungu ametunyima mvua, mahindi yamekufa, halafu unga wa watoto unapikwa gundi ya kuchezea karatasi? Huyo binti ametoka kwenye ndizi zao huko juu, hajui unga ni kitu gani. Nataka jambo hili lisemwe Jumapili mbele ya wazee, na nataka arudishwe kwao."

Mzee akauliza, "Umelifikiri, mama?"

"Nimelifikiri. Na mwanangu haendi tena huko mpaka liamuliwe."

Alipotoka nilikuwa nimeshika mlango, nataka kumkimbilia nimwambie ukweli palepale njiani. Mama Elia akaingia akaniziba. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Usifungue mdomo," akasema. "Hapo nje wala Jumapili. Ukisema watoto wanaila, umemvua nguo mama wa watu mbele ya kanisa. Kila mtu atajua kwake hakuna kitu."

"Lakini kwake hakuna kitu!"

"Ndiyo. Na ukilisema, atafunga mlango, akae na wanawe humo ndani, asitoke tena. Unawajua watu wetu."

"Na nisiposema nitafukuzwa, na gundi itakwisha."

"Wewe utarudi kwa mama yako ule ndizi," akasema, na sauti ikamkatika. "Wao watabaki hapa." Akaenda zake jikoni, nikasikia vyombo vinaoshwa kwa nguvu.

Nimepata misukosuko mingi baada ya hapo. Nimejifungua watoto bila mkunga karibu, nimemsubiri mtu nje ya chumba cha upasuaji. Lakini nikitaka kukumbuka hofu ilivyo, narudi kwenye zile siku kuelekea Jumapili ya mwisho ya Majilio. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na kila nilipochagua kimoja usiku, asubuhi kilikuwa kimeoza. Nanzia hakuja tena kibandani. Kikombe chake kilikaa kimefunikwa mkekani na hakuna mtoto aliyekigusa. Nilikutana na mama yake bombani nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akatazama ndoo yake ikijaa, akajitwika, akaondoka bila kuitikia. Kwetu kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Jumamosi nilichukua gundi ndani ya kopo, nikalifunika kwa karatasi, nikapita njia ya nyumbani kwao nikijidanganya kwamba nitapata nafasi. Nanzia alikuwa amekaa kizingitini, mdogo wake amelala mapajani. Hakuinuka. Alilitazama kopo tu, akalifuata kwa macho tangu nilipotokea mpaka nilipowapita. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao, mikono kiunoni. Nikapita. Nilipofika nyuma ya migunga nililia juu ya ile gundi mpaka ikapoa.

Jumapili ibada iliisha na hakuna aliyeondoka. Watu wetu wanaweza kukosa mahubiri lakini kesi hawaikosi. Wazee walikaa mbele, watoto wakabanwa kwenye mabenchi ya pembeni, na mimi nikasimamishwa chini ya mnyororo nilioufunga mwenyewe. Mama Nanzia alisimama amevaa gauni lake la kwaya. Alieleza vizuri sana. Hakupayuka, hakutukana, alisema habari ya mvua, ya unga, ya karatasi, na watu walikuwa wanaitikia kwa pumzi. Ningekuwa sijui ninachokijua, ningempa ushindi. Nilimtafuta Nanzia nikamwona ameegemea bega la mtoto mwenzake, shingo haimshiki. Nilijiambia akimaliza kusema, nitasema. Iwe aibu, iwe nini, nitasema.

Mzee Elinaja akaniuliza, "Unga uliochukuliwa stoo, uliupikia gundi?"

Nikamtazama Mama Elia. Alikuwa ameinama, midomo inacheza, sijui alikuwa anaomba au ananilaani.

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

"Gundi ya mapambo haya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wote?"

"Wote, Mzee."

Kanisa likaguna. Mama Nanzia akashusha pumzi ya mtu aliyekwisha kushinda. Mzee aliinuka, akavuta benchi mpaka ukutani, akapanda juu yake na magoti yake mabovu, akanyoosha mkono kuushika mnyororo. Mara akautoa haraka. Kidole kilikuwa kinatoka damu. Akakinyonya, akaukaribia ule mnyororo kwa macho, akageuza duara la kwanza, akageuza linalofuata, akashuka, akasogeza benchi, akapanda tena. Alifanya hivyo ukuta wote, bila haraka, na sisi tukimtazama. Kila alipogusa alikuta mwiba. Hakukuta gundi popote. Nilianza kuona vichwa vinageuka kwenye mabenchi ya akina mama. Mmoja akafunika mdomo kwa khanga, mwingine akamtazama mtoto wake. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwepesi wa kusema, akaanza, "Sasa mwenyekiti, kama ni miiba mitupu, hiyo gundi ilikwenda—"

"Kaa, mzee mwenzangu," Mzee Elinaja akasema.

Yule akakaa. Mzee akamgeukia Mama Nanzia akamwambia kwa upole ambao sikujua anao, "Mama, wewe ndiye mwenye shauri. Njoo ujionee mwenyewe."

Akaenda. Dirishani palikuwa na nyota ya karatasi ya saruji iliyopakwa bluu, na kila mama anamjua mwanawe kwa mkono wake. Akaishika. Akapapasa ule mwiba wenye ncha iliyovunjwa. Alikuwa ametupa mgongo, hivyo sikuuona uso wake, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini niliona mabega yanapanda, yanakataa kushuka. Hakumtazama Nanzia. Hakuhitaji. Alisimama pale mpaka kukohoa kukakoma kanisa zima. Kisha akasema, akiwa bado anatazama dirisha, "Naliondoa shauri langu."

Nimesikia Wapare wakishinda kesi na nimewasikia wakishindwa. Anayeiondoa sikuwahi kumsikia kabla ya siku ile wala baadaye.

"Limeondolewa," akasema Mzee. "Lakini mimi ninalo langu. Mapambo haya yamelegea. Siwezi kukaa na kanisa linalochoma watu vidole. Gundi iongezwe. Ipikwe kila asubuhi, na Krismasi ikipita ipikwe ya Pasaka. Kila mtoto aje kazini, hata wale wadogo ambao hawajaanza chekechea. Nao wana mikono." Akavua kamba ya kiatu shingoni, mbele ya watu wote, akampa mkewe. Hakuna aliyeuliza swali. Tukaombewa, tukatoka, na nje watu wakaanza kuzungumzia mawingu.

Mzee Elinaja alikufa miaka mingi iliyopita na sikupata kumwuliza alijua tangu lini. Ule utaratibu aliuogopa kweli, sikuona akijifanya, na siku ile alitafuta njia ya kuuvunja bila mtu hata mmoja kuweza kumshtaki. Gundi ilipikwa mpaka masika ikanyesha. Lakini ninachodaiwa kwa kumbukumbu ya Mama Nanzia, na kile Nanzia alichotaka niandike, ni asubuhi ya Jumatatu. Sikulala vizuri. Nilijua unga upo na ufunguo upo, na bado sikujua kama atamleta mtoto. Niliamka mapema nikaenda kibandani na Mama Elia, tukabandika sufuria, tukawa tunatazama njia bila kuambiana kwamba tunaitazama.

Akaja. Alikuwa amejitwika mzigo wa kuni, na nyuma yake Nanzia alikuwa amemshika Elibariki mkono, na mkono mwingine amebeba miiba kwenye jani. Mama Nanzia akatua kuni karibu na jiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimeleta kuni. Za gundi."

Mama Elia hakumkaribisha kula. Alikuwa na akili kuliko hivyo. Alikoroga, akachota upawa mzima, akamnyooshea kana kwamba ana mashaka na mapishi yake mwenyewe. "Hebu nionjee, mwenzangu," akasema. "Mimi sina hakika kama chumvi imekolea."

Mama Nanzia akautazama ule upawa. Akaupokea kwa mikono miwili, akageukia upande wa milima, akaonja. Akaonja tena. Akanywa wote mpaka chini, polepole, na sisi tukajishughulisha na karatasi. Alipogeuka alimrudishia Mama Elia upawa, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Bado kidogo," akasema.

Mama Elia akaongeza chumvi, akamchotea tena.